Ndege Kubwa na Parafujo Ndogo

Wahenga walisema kwamba kamba hukatikia pembamba. Usemi huu ni mfupi, lakini ndani yake mna historia nzima ya biashara ya kuunda ndege za abiria. Mtu akisimama kando ya uwanja wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, akaitazama ndege ikipaa, huona mabawa, injini na kiwiliwili kirefu king'aacho juani. Ni nadra aikumbuke parafujo. Walakini ndege si kitu kimoja. Ni jamii ya vitu vingi vilivyoshikana, na kikikosekana kilicho kidogo, vikubwa vyote hungoja.

Katika miezi sita ya kwanza ya mwaka 2025, ndege tatu kati ya tisa za aina ya Boeing 787 za shirika letu la Kenya Airways zilikaa chini bila kuruka. Hazikuanguka, wala marubani hawakugoma. Zilikosa injini na vipuri ambavyo havikupatikana kwa wakati. Katika miezi hiyo shirika lilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 12. Maadamu Serikali ya Kenya ina asilimia 48.9 ya hisa za shirika hilo, hasara ile haikuwa ya matajiri peke yao; ilimgusa kila mlipa kodi, hata yule ambaye hajapata kupanda ndege maishani mwake. Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani, "Mwalimu, yawezekanaje chombo cha thamani kubwa namna ile kikae bure kwa kukosa kipuri?" Swali lake lilikuwa jema, na jibu lake halimo Nairobi. Limo katika historia ya ndege yenyewe, nayo inaanzia Marekani na Ulaya, mwanzoni mwa karne hii.

Wakati ule kampuni mbili ndizo zilizogawana soko la ndege kubwa za abiria: Boeing, iliyoasisiwa katika mji wa Seattle mwaka 1916, na Airbus, yenye makao yake Toulouse nchini Ufaransa. Kila moja ilikuwa na ubashiri wake juu ya soko. Airbus iliamini kuwa wasafiri watazidi kukusanyika katika miji michache mikubwa. Kwa hiyo, Desemba 2000, iliazimia kuunda A380, ndege ya ghorofa mbili. Boeing iliamini kuwa wasafiri watataka kufika upesi. Kwa hiyo, Machi 2001, ilitangaza mpango wa ndege itakayokaribia mwendo wa sauti. Kampuni zote mbili zilibashiri siku ya jua, na hakuna aliyeliona wingu.

Wingu lilikuja tarehe 11 Septemba 2001, ndege nne za abiria zilipotekwa nchini Marekani na kufanywa silaha. Watu waliogopa kusafiri. Mashirika ya ndege yalipunguza safari, na mengine yalikufa. Sabena ya Ubelgiji, shirika lililoasisiwa mwaka 1923, lilifilisika Novemba mwaka ule ule. Pigo hilo liliwafikia waundaji wa ndege bila kukawia. Boeing iliwakabidhi wateja ndege 527 mwaka 2001, lakini mwaka 2002 ilikabidhi 381, na mwaka 2003 ilikabidhi 281 tu. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi waliachishwa kazi.

Hapa ndipo penye kiini cha hadithi yetu, ingawa siku zile hapakuonekana. Kampuni kubwa inapopunguza kazi haipunguzi peke yake. Nyuma yake yupo afanyaye mabawa, na nyuma ya huyo yupo amwuziaye madini, na mwisho kabisa yupo mtengenezaji wa vifungio, yaani parafujo, bolti na ribiti zinazoshika kipande kwa kipande. Mnyororo huu ndio uitwao mnyororo wa ugavi. Habari ya kuachishwa kwa wafanyakazi wa Boeing ilienea ulimwenguni. Habari ya fundi wa parafujo kupoteza kazi yake iliwafikia wachache. Naye fundi yule hakuondoka mikono mitupu. Aliondoka na ujuzi alioupata kwa miaka mingi, na ujuzi huo hauwekwi ghalani kungoja siku njema.

Mashirika yaliyosalimika hayakutaka tena mwendo wa kasi. Yalitaka ndege itakayotumia mafuta kidogo. Desemba 2002 Boeing iliuacha mpango wake wa awali, ikashika mpango wa ndege nyingine, ambayo baadaye iliitwa 787 Dreamliner. Ilikusudiwa kupunguza matumizi ya mafuta kwa kadiri ya asilimia 20, ikilinganishwa na ndege ilizokuja kuzirithi. Nusu ya uzito wake haikuwa ya alumini kama ilivyokuwa desturi, bali ya nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa gundi kali na kuokwa katika tanuri kubwa. Aprili 2004 shirika la All Nippon Airways la Japani liliagiza ndege 50 kwa mara moja, na maagizo mengine yakafuata kwa wingi.

Kwa hiyo ubashiri wa pili wa Boeing juu ya soko ulikuwa sahihi. Kilichobaki kilikuwa kuiunda ndege yenyewe, na katika kuiunda ndiko kulikotokea makosa.

Kuunda ndege mpya ni ghali mno, na wakuu wa Boeing hawakupenda kubeba mzigo ule peke yao. Waliamua kuwagawia wengine sehemu kubwa ya kazi, hata usanifu wake. Kila mshirika angetia fedha zake mwenyewe, angesanifu kipande chake, angekiunda, naye angelipwa ndege zitakapofika mikononi mwa wateja. Mabawa yalipewa Mitsubishi huko Nagoya, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Boeing kuwaachia wengine kazi ya mabawa ya ndege yake ya abiria. Kampuni tatu za Japani zilichukua kiasi cha asilimia 35 ya umbo la ndege. Vipande vya kiwiliwili vilitoka Grottaglie nchini Italia, na vingine vilitoka katika kiwanda cha kampuni ya Vought huko South Carolina. Pua ya ndege ilifanywa na Spirit huko Wichita, katika kiwanda kilichokuwa mali ya Boeing yenyewe mpaka ilipokiuza mwaka 2005. Ndege nne za aina ya 747 zilitanuliwa matumbo ili zivibebe vipande hivyo hadi Everett, karibu na Seattle. Huko mafundi wa Boeing wangeviunganisha tu, na ilitumainiwa kuwa siku moja kazi hiyo ingechukua siku tatu.

Si kwamba hapakuwa na mtu wa kuonya. Februari 2001 mhandisi mmoja wa Boeing, L. J. Hart-Smith, aliwasomea wenzake waraka katika mkutano wa wataalamu huko St. Louis. Alikuwa mtu wa kampuni ya Douglas kabla haijaingia katika Boeing, na alikuwa ameona jinsi ugawaji wa kazi ulivyoidhoofisha kampuni yake ya zamani. Aliwaeleza kwamba mwenye kuwapa wengine kazi yote huwapa na faida yote. Aliongeza kwamba vipande vilivyofanywa mbalimbali havitashikana vyema visiposanifiwa kwa pamoja tangu mwanzo, na kwamba mwenye kazi asipowapelekea washirika wake wahandisi na wakaguzi, akiba anayoitazamia itageuka gharama. Waraka ulisomwa, lakini mpango wa 787 ulishika njia ile ile aliyoikataza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Sasa turudi kwenye parafujo. Nyuzi za kaboni zina tabia moja ambayo msomaji wa sayansi ataifahamu: zikigusana na alumini penye unyevu, alumini huliwa kama chuma kiliwavyo na kutu. Kwa sababu hiyo vifungio vingi vya 787 vilipaswa kuwa vya titani, madini magumu yasiyodhurika kwa mgusano huo. Parafujo ya namna hii hainunuliwi dukani. Sharti ichongwe kwa kipimo halisi, ikaguliwe, na iwe na hati ya kuthibitisha asili yake, kwa kuwa maisha ya watu yataning'inia juu yake.

Kufikia mwaka 2007 soko lilikuwa limefufuka kwa nguvu. Katika mwaka huo mmoja Boeing ilipata maagizo ya ndege 1,413, na Airbus ilipata zaidi ya 1,300. Kila kiwanda kilitaka vifungio kwa wakati mmoja. Viwanda vya vifungio, vilivyopunguza mafundi baada ya mwaka 2001, havikuweza kutosheleza. Fedha zilikuwapo, na wateja walikuwapo. Mikono iliyozoea kazi ile ndiyo iliyokuwa imetawanyika. Fundi akishatawanyika hakusanywi kwa kupigiwa baragumu. Amekwisha shika kazi nyingine au amezeeka, na kijana wa kuirithi nafasi yake hujifunza kwa miaka.

Hata hivyo tarehe ya sherehe ilikuwa imekwisha tangazwa. Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku, kwa hiyo tarehe 8 Julai 2007 kwao huandikwa 7/8/07, na wakuu wa Boeing waliiona kuwa tarehe ya kufaa mno kuidhihirisha 787. Maelfu ya watu walikusanyika Everett. Milango ya kiwanda ikafunguliwa, na ndege nzuri ikaonekana, imepakwa rangi ya kumeta. Kufikia siku hiyo ilikuwa imekwisha agizwa mara 677, kabla haijaruka hata dakika moja. Watu walishangilia. Lakini ndani ilikuwa tupu kwa sehemu kubwa, na vipande vyake vingi vilishikwa kwa vifungio vya muda, vilivyotiwa ili ndege isimame mbele ya wageni. Ilikuwa kama bibi harusi aliyeshonewa nguo kwa nyuzi za kukazia, ambaye asingeweza kucheza ngoma asije akavuliwa mbele za watu.

Sherehe ilipokwisha, mafundi walianza kuving'oa vifungio vile na kutia vya kweli. Ndipo matatizo mengine yakajitokeza. Vipande vilikuwa vimefika bila kukamilika, na vingine bila hati za kueleza kazi iliyobaki. Washirika wengine walikuwa wamewagawia wenzao kazi waliyogawiwa, na hao nao wakawagawia wengine, mpaka Boeing haikumjua tena anayeshika nyundo. Boeing iliahidi kumkabidhi mteja ndege ya kwanza Mei 2008, lakini Mei ikapita. Katika mwaka huo huo mafundi wake walifanya mgomo wa siku 57. Novemba ikagunduliwa kuwa maelfu ya vifungio vilivyokwisha tiwa vilitiwa vibaya, na hivyo navyo vikang'olewa. Ndege iliruka mara ya kwanza tarehe 15 Desemba 2009. All Nippon Airways ilipokea ya kwanza yake Septemba 2011, zaidi ya miaka mitatu baada ya wakati ulioahidiwa.

Isidhaniwe kuwa Boeing ndiyo pekee iliyojikwaa. Mwaka 2006 Airbus iligundua kuwa nyaya za umeme za A380, ambazo katika ndege moja zina urefu wa kilomita 500 na zaidi, hazikufika zilipopaswa kufika. Wahandisi wa Hamburg na wale wa Toulouse walichora kwa matoleo mawili tofauti ya programu ya kompyuta, na michoro yao haikulingana. Ndege ya ghorofa mbili ikangoja waya, kama ile nyingine ilivyongoja parafujo.

Boeing iliyajua makosa yake, lakini kwa gharama kubwa. Mwaka 2009 ilikinunua kiwanda cha Vought cha South Carolina ili ikitawale yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2011 Jim Albaugh, aliyekuwa mkuu wa tawi la ndege za abiria, alikiri mbele ya watu katika chuo kikuu cha Seattle kwamba fedha zilizotumika kurekebisha mambo zilizidi sana zile ambazo zingetumika kama kazi za msingi zingebaki karibu na nyumbani. Mwaka 2015 hesabu za kampuni zilionyesha gharama za kuunda 787 zilizoahirishwa, ili zilipwe na mauzo ya miaka ya mbele, zaidi ya dola bilioni 28. Na mwaka 2024 Boeing ilikubali kuinunua Spirit, kampuni iliyozaliwa na kiwanda kile kile cha Wichita ilichokiuza mwaka 2005. Wazee wetu waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, hawakuwa wakifikiri habari za ndege. Lakini maneno yao yangeweza kubandikwa kwenye mlango wa kiwanda kile.

Huku kwetu, Kenya Airways iliziagiza 787 zake mwaka 2006, ikazingoja pamoja na wateja wengine wa ulimwengu. Ya kwanza ilifika Nairobi Aprili 2014. Insafu yatutaka tuseme kwamba ilipofika ilifanya kazi iliyoahidiwa. Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya aina hii iliondoka Nairobi na kufika New York bila kutua njiani, safari ambayo shirika letu halikupata kuifanya kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo kosa halikuwa katika fikra ya ndege wala katika nyuzi za kaboni. Lilikuwa katika kudhani kwamba kazi yaweza kugawanywa, na ujuzi wake ukabaki kwa aliyeigawa.

Tungependa kuandika kwamba baada ya hapo watu walijifunza. Historia haituruhusu. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga viwanja vya ndege duniani kote. Airbus, iliyokabidhi ndege 863 mwaka 2019, ilikabidhi 566. Boeing, ambayo tayari ilikuwa taabani kwa sababu ndege zake za 737 MAX zilikatazwa kuruka baada ya ajali mbili, ilikabidhi 157 tu. Mafundi waliachishwa tena, na wengi wenye umri mkubwa walistaafu wasirudi. Kwa muda mwingi kati ya mwisho wa mwaka 2020 na Agosti 2022 Boeing haikuweza kukabidhi 787, kwa kuwa wakaguzi walikuta nyufa katika maungio ya kiwiliwili. Nyufa zile zilikuwa nyembamba kama karatasi, lakini zilizidi kipimo. Kisha vita vya Ukraine vilianza Februari 2022, na mwezi uliofuata Boeing ikaacha kununua titani ya Urusi.

Wasafiri walirudi upesi kuliko ilivyotazamiwa, lakini mafundi hawakurudi nao. Mwisho wa mwaka 2024 Airbus ilikuwa na maagizo ya ndege zaidi ya 8,000 ambazo hazijaundwa, na bado katika mwaka ule iliweza kukabidhi 766 tu, pungufu ya zile za mwaka 2019. Mashirika yasiyopata ndege mpya yaliendelea kuzirusha za zamani, na za zamani zilihitaji matengenezo zaidi. Karakana za injini zikajaa foleni, na vipuri vikawa adimu. Katika foleni hiyo ndege tatu za Nairobi nazo zilingoja zamu.

Hilo ndilo jibu la mwanafunzi wangu. Ndege ile ilikaa Nairobi kwa sababu miaka mingine, mahali pengine, fundi aliambiwa kuwa hahitajiki. Soko la ndege hupanda na kushuka kama maji ya bahari, na hakuna kampuni iwezayo kuyazuia maji yasitoke. Lakini nahodha mwema hauuzi usukani maji yakitoka, kwa sababu anajua kuwa yatajaa tena. Mwenye kiwanda aliyewashika mafundi wake miaka ya njaa alionekana mjinga katika hesabu za mwaka ule. Miaka ya shibe ilipofika, yeye ndiye aliyekuwa na kitu cha kuuza.

Kwa vijana wa Kenya somo hili lina uzito wake. Nchi yetu haiundi ndege kubwa za abiria, lakini huzinunua, huzirusha na huzitengeneza, na kila mwaka vijana hujifunza ufundi huo. Wengine huona haya kuitwa mafundi, wakidhani kuwa heshima iko katika meza na tai peke yake. Na waikumbuke siku ile ya Julai 2007 huko Everett. Wakuu wenye tai walikuwa tele, na hotuba zilikuwa tele, na wateja walikwisha agiza ndege 677. Aliyekosekana alikuwa mtu wa kufanya parafujo.